Mavi ya alumini: dalili, chanzo na dawa kwa wanaoyeyusha Malindi

Mavi ya alumini ni lile ganda la kijivu linalokwanguliwa juu ya chungu kabla ya kumimina. Mabanda mengi ya kusubu sufuria huyarundika nyuma ya ukuta mpaka mvua iyachukue, ilhali yakikwanguliwa kwa mkono bila chumvi, theluthi hadi nusu ya uzani wake mara nyingi ni alumini halisi iliyonaswa ndani ya oksidi. Yakitengenezwa vizuri hutoa vitu vitatu: alumini ya kusubu tena, chumvi ya kurudi kwenye chungu (hufunika alumini na kuisaidia kuachana na oksidi), na unga wa oksidi wa kuchanganya kwenye matofali yasiyo na nondo. Yakitengenezwa vibaya hutoa moshi, harufu na hasara.

Mambo yamepangwa hapa kwa dalili. Tafuta unachokiona bandani kwako, soma chanzo, kisha rekebisha. Pwani ina mambo yake: hewa imejaa chumvi, mashine za boti huja zimeoza, chumvi ya Gongoni na Marereni iko karibu na ni rahisi, na mvua za Mei huingia hata chini ya turubai. Lawama nyingi hutupiwa moto. Aghalabu moto hauna kosa. Kosa limeshafanyika kwenye gunia au kwenye ndoo ya chumvi kabla mkaa haujashika.

Kabla ya yote, uwe na mizani, sumaku (ya spika kuukuu inatosha), chekeche la milimita 5 na la milimita 1, chupa ya siki, na kipimajoto cha waya aina ya K kinachofika 1,000 °C. Hicho cha mwisho wengi hukiruka kwa kuwa wanajua moto kwa macho. Alumini huyeyuka kwenye 660 °C, na mchana wa jua la Malindi hubaki na rangi ya fedha hata ikifika 800 °C. Kwa macho huwezi kutofautisha 700 na 800, na kati ya hizo mbili ndipo faida inapopotelea.

## Mavi ni mengi kuliko alumini uliyomimina

Ikiwa uliweka makopo ya soda na bia moja moja juu ya mkaa, au ndani ya chungu kitupu, usitafute chanzo kingine. Ukuta wa kopo una unene wa takriban milimita 0.1. Kilo moja ya bati jembamba hivyo, yaani makopo kama 70, ina uso wa zaidi ya mita 7 za mraba ukihesabu ndani na nje. Kilo hiyohiyo ikiwa bonge moja haina hata nusu ya sehemu ya kumi ya mita moja ya mraba. Kila uso huo hushika oksijeni unapopata moto, na oksidi ya alumini haiyeyuki mpaka ipite 2,000 °C. Kwa hiyo kila kopo linayeyukia ndani ya mfuko wake lenyewe, na mfuko hauachi kilichomo.

Dawa ni kuanza na alumini iliyoyeyuka tayari. Yeyusha vinoo (vipande vilivyomiminwa vikaganda) vya makopo ya safari iliyopita mpaka vijaze theluthi ya chungu, ufike 720 °C, ndipo usukume makopo yaliyopondwa chini ya uso kwa fito kavu iliyopashwa moto. Kopo lizame, lisielee likaungua. Rangi ya kopo iondolewe kabla, kwa kuyachoma kwenye karai karibu 500 °C mahali wazi, upande ambao upepo hauelekei nyumba za watu. Kama huna mashine ya kukandamiza, nyundo na kibao vinafaa, ila usifunge kopo kiasi cha kubana kinywaji ndani yake.

Sababu ya pili ni mkono. Fundi anayekoroga chungu kila dakika huvunja utando wa juu, na utando mpya hujengeka palepale kwa kula alumini. Koroga mara moja, acha itulie dakika tano, kwangua mara moja. Tumia upawa wenye matundu, uinamishe kwenye ukingo wa chungu na usubiri alumini ichuruzike kabla ya kuyatoa mavi. Hizo sekunde chache za kusubiri ukingoni hazigharimu kitu na hulipa vizuri.

## Mavi yanaendelea kuwaka baada ya kutolewa

Rundo linakuwa jekundu, kisha jeupe, cheche zinaruka, na moshi mweupe unapanda. Hiyo ni alumini yako inaungua. Matone madogo yaliyonaswa huungana na oksijeni na naitrojeni ya hewa, joto hupanda, nalo joto huzidi kuyachoma. Rundo lililoachwa hivyo laweza kumaliza sehemu kubwa ya alumini iliyokuwemo, na kinachobaki kimejaa nitridi ya alumini, ambayo italeta shida nyingine tutakayoifikia.

Usimwagie maji. Maji juu ya alumini moto hutoa haidrojeni, nayo ni gesi ya kulipuka. Unachohitaji ni kuyanyima hewa na kuyapoza upesi:

1. Weka tayari sinia nene ya chuma yenye matundu chini, juu ya kalibu kavu ya kumiminia vinoo iliyopashwa moto.
2. Mimina mavi yakiwa bado moto, kisha yakandamize kwa bamba zito la chuma lenye mpini. Alumini itachuruzika kupitia matundu.
3. Ikiacha kutoka, nyunyiza chumvi kavu juu, funika kwa karai na uache mpaka yapoe.

Kukandamiza huku ndiko kazi yenye faida nono kuliko zote katika mwongozo huu, kwa sababu unapata alumini bila kuongeza mkaa wala chumvi. Afanyaye hili peke yake, akapuuza mengine yote, bado yuko mbele ya jirani yake. Bamba na sinia vipakwe chokaa na vikauke kabisa; kutu ikigusana na alumini moto huleta cheche kali ambazo fundi hawezi kuzizima.

## Gunia lina harufu ya mkojo, au limepata joto

Hapo ndipo ile nitridi inapojitokeza. Ikikutana na unyevu hutoa amonia, hata unyevu wa hewa tu wakati wa Kusi. Alumini laini iliyomo hutoa haidrojeni, na karbidi hutoa methani. Kazi zote tatu huzaa joto, na joto huzidi kuziharakisha. Gunia lililofungwa katika chumba kisicho na dirisha huweza kushika moto lenyewe.

Toa magunia nje, yafungue, yatandaze mahali pakavu penye upepo, na usivute sigara hapo. Usihifadhi mavi kwenye pipa lenye kifuniko cha kubana. Yakae juu ya mbao, sakafu isiyogusa udongo, chini ya mabati. Banda la makuti ni zuri kwa kivuli cha watu. Juu ya mavi ya alumini ni kuni zilizosubiri. Mara chache utasikia harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza badala ya amonia. Hiyo ni fosfini, ni sumu, ondoka kwanza halafu ufikirie. Kipimo kizuri cha kawaida: chota kijiko cha mavi yaliyosagwa, yatie maji ya uvuguvugu kwenye kikombe kilicho wazi nje. Yakitoa mapovu na harufu kali, yachakate mapema, usiyasubirishe mnunuzi wa mwezi ujao.

## Chumvi imebaki juu bila kuyeyuka

Hili ni tatizo la Malindi kweli kweli, kwa sababu chumvi ya mashambani inapatikana gunia zima kwa bei ndogo na watu huimimina peke yake. Chumvi ya kawaida huyeyuka kwenye 801 °C. Chungu chako kiko 740. Basi inakaa juu ikiwa punje ngumu, haifuniki kitu, wala haiingii ndani ya mavi. Fundi anaongeza moto mpaka 850, chumvi inayeyuka, na alumini inaungua. Kisha analaumu mkaa.

Ukiichanganya na kloridi ya potasiamu, joto la kuyeyuka linashuka. Sehemu 45 za chumvi kwa sehemu 55 za kloridi ya potasiamu, kwa uzani, huyeyuka karibu 660 °C, yaani sawia na alumini yenyewe. Viwanda vikubwa vya Ulaya hutumia 70 kwa 30 kwa sababu ni rahisi zaidi kwa bei na tanuri zao za kuzunguka zina joto la kutosha. Kwenye chungu cha mkaa kaa karibu na 45 kwa 55.

Kloridi ya potasiamu ni ile mbolea ya MOP yenye alama 0-0-60 inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Chukua nyeupe, ile nyekundu ina oksidi ya chuma. Hapa kuna hatari ya kweli: usikubali mbolea nyingine kwa sababu MOP imekwisha. CAN na NPK nyingi zina nitreti, na nitreti juu ya alumini iliyoyeyuka hulipuka. Potashi ya salfeti nayo haifai. Soma gunia mwenyewe, usitume mtoto na jina la mdomo tu.

Chumvi mbichi ya Gongoni ina kloridi ya magnesiamu iliyobaki kutoka maji ya bahari, nayo hunywa unyevu wa hewa usiku kucha. Itandaze kwenye karai la chuma kwa unene wa sentimita 3, juu ya mkaa, uigeuzegeuze. Itaanza kupasuka na kurukaruka kwa sababu kila punje imefungia tone la maji chumvi ndani yake. Kelele ikikoma, endelea nusu saa nyingine. Ikiwa bado vuguvugu itie kwenye kidumu chenye kifuniko. Ukiifungua baada ya siku tatu ikashikana mkononi, irudishe kwenye karai. Mbolea pia ikaangwe hivyohivyo.

Kiasi: uzani wa chumvi usipungue uzani wa oksidi iliyomo. Chukua mfano wa kilo 10 za mavi makubwa (yaliyobaki juu ya chekeche la milimita 5) ambayo unakadiria yana alumini kilo 6. Oksidi ni kilo 4, hivyo chumvi kilo 1.8 na MOP kilo 2.2. Yeyusha chumvi kwanza, ndipo uongeze mavi kidogokidogo, ukiyazamisha, kwa 730 hadi 750 °C. Usitegemee kilo zote sita. Ukimimina tano, kazi imeenda vizuri.

## Alumini imetoka matone matone yasiyoungana

Chini ya chungu unakuta shanga, kila moja imejifungia peke yake. Chumvi imefunika lakini utando wa oksidi haujapasuka. Kloridi hulowesha utando na kuzuia hewa, lakini haziupasui vya kutosha. Kazi hiyo hufanywa na floridi. Ongeza fluorspa iliyosagwa, lile jiwe lililokuwa likichimbwa Kimwarer kule Kerio, au krayolaiti (madini mengine yenye floridi), kwa asilimia 3 hadi 5 ya uzani wa chumvi. Kwa kilo 4 za chumvi ni gramu 120 hadi 200, si zaidi. Moshi wa floridi huchoma mapafu: simama upande upepo unakotoka, barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Baada ya hapo koroga polepole dakika tatu kwa fito iliyopakwa chokaa, chini ya chumvi, ili matone yagongane na kuungana.

Kama ulitia unga uliopita chekeche la milimita 1, acha kulaumu floridi. Unga huo karibu wote ni oksidi. Unakula chumvi na mkaa na haurudishi kitu. Njia ya kutenganisha ni kuponda kwa mchi wa chuma: oksidi husagika, alumini hulainika na kuwa bapa. Chekecha. Kilichobaki juu ya 5 ni cha chungu, kati ya 5 na 1 ni cha chungu ukiwa na chumvi ya kutosha, chini ya 1 ni cha ndoo ya kuosha.

## Chungu kinaruka, kinatema, au kimelipuka

Maji. Hakuna haja ya kuanza kwingine. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza takriban lita 1,700, na chini ya alumini iliyoyeyuka haina pa kwenda ila juu, pamoja na alumini yenyewe. Fito baridi, upawa uliokaa nje usiku, kopo lenye mabaki ya soda, mmimino wa bahati mbaya juu ya sakafu ya zege: vyote hivyo vina maji hata vikionekana vikavu. Zege huwa na maji ndani yake. Mwaga mchanga mkavu wa mto Sabaki sentimita 10 chini ya eneo la kumimina. Mchanga wa ufukweni una chumvi, hunywa unyevu, usiutumie hapo wala kwenye kalibu.

Wengi huanguka kwenye mashine za boti. Miguu ya mashine, visanduku vya gia na rafadha za alumini zilizokaa baharini huja na unga mweupe kwenye mikunjo na chini ya rangi. Unga huo unaushika mkononi, mkavu, mwepesi, hauachi hata alama ya unyevu. Lakini ni haidroksidi ya alumini, na zaidi ya theluthi moja ya uzani wake ni maji yaliyofungwa ndani ya kemia yake: kilo moja ya unga hutoa zaidi ya gramu 340 za maji unapopata moto. Kuuanika juani siku nzima hakubadilishi kitu, kwa kuwa maji hayo hayaanzi kutoka vizuri mpaka karibu 300 °C. Kwangua kwa brashi ya waya, pasua kila tundu lililoziba, kisha oka kipande juu ya mkaa zaidi ya 300 °C kwa saa moja kabla hakijakaribia chungu.

Mashine hizohizo zina vipande vya kujitoa mhanga vilivyofungwa kwa bolti karibu na rafadha ili viliwe na chumvi badala ya mashine. Vingine ni zinki, vingine magnesiamu. Vitoe. Magnesiamu ikiingia kwenye chungu chenye moto mkali huwaka kwa mwanga mweupe wa kuumiza macho. Ukikwangua kidogo ukaweka tone la siki, magnesiamu huchemka mara moja; alumini hukaa kimya. Zinki utaijua kwa uzito: kipande cha ukubwa uleule ni zaidi ya mara mbili na nusu ya alumini.

Makopo ya dawa ya kupuliza na mitungi midogo isiyotobolewa haiingii bandani kabisa.

## Kinoo kina vinyweleo, sufuria inavuja

Alumini iliyoyeyuka hunywa haidrojeni kutoka kwenye mvuke, mafuta na mkaa mbichi. Ikiganda, uwezo wake wa kuishika hushuka karibu mara 20, hivyo gesi inatoka palepale na kuacha matundu madogo. Mimina kinoo kidogo cha majaribio: uso ukitutumka katikati na ukivimba badala ya kuzama kidogo, gesi imo. Alumini safi hupungua ujazo kwa kama asilimia 6 ikiganda, kwa hiyo kuzama ndiyo dalili njema.

Shusha joto, usipite 750, mimina kati ya 700 na 730. Acha chungu kitulie dakika 10 bila kukoroga. Usitie mkaa mpya ulionyeshewa wakati chungu kiko wazi. Wakati wa Kusi anika mkaa na vifuu kandokando ya tanuri tangu asubuhi. Kalibu ya chuma ipashwe moto mpaka karibu 150 °C. Kama matundu yako makubwa na yamepangika juu tu, hiyo si gesi bali kusinyaa: mimina taratibu, uongezee juu kinoo kinapozama.

## Kinoo kinavunjika kwa pigo moja

Ukiangalia pale kilipovunjika unaona sindano ndogo zinazong'aa. Ni chuma. Alumini ngumu haiwezi kukishika ndani yake zaidi ya sehemu ndogo sana, kwa hiyo hujitenga kikiwa sindano za aloi zinazokata kinoo ndani. Chanzo ni skrubu, bawaba za dirisha, ribiti, pete za pistoni, au chungu chenyewe. Chungu cha chuma kisichopakwa huliwa polepole kila siku, na upawa mtupu ulioachwa ndani ya alumini hukonda ukiutazama.

Pitisha sumaku kabla. Vitu vilivyofungamana, mathalan silinda hedi yenye vali, vipashwe juu ya mteremko wa bamba kwa 680 hadi 700 °C: alumini itateleza chini, chuma kitabaki juu. Chungu cha chuma kipakwe chokaa laini iliyochanganywa na udongo, tabaka mbili, kikauke kabisa, na kipakwe tena kila asubuhi. Chuma kikishaingia hakitoki kwa chumvi wala kwa maombi. Unachoweza ni kuzimua kwa alumini safi ya fremu za dirisha.

## Mnunuzi anakataa au anakata bei

Kwa kawaida umechanganya. Fremu za madirisha ya hoteli ni aloi laini yenye magnesiamu na silikoni kidogo. Makopo yana manganisi na magnesiamu. Pistoni zina silikoni nyingi. Kila moja ikikaa peke yake ina mteja wake, zote pamoja hazina. Chora alama kwenye kila kinoo ikiwa bado moto. Mavi nayo yatenganishwe kulingana na chungu yalikotoka.

Kisha ziko karatasi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya Kenya ya 2015 inataka leseni kwa anayefanya biashara hiyo, na usafirishaji wa taka una leseni yake kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mwaka 2022 biashara nzima ilisimamishwa kwa muda nchini kwa sababu ya nyaya na mitambo ya umeme iliyoibwa, na tangu hapo mzigo usio na kumbukumbu ya ulikotoka ni mzigo wa shida. Waya wa alumini uliosokotwa ambao humjui mwenyewe wake, usiununue, hata ukiletwa na mtu wa mtaani kwako.

## Chumvi na unga baada ya kuosha vinaleta matatizo

Ganda la chumvi lililobaki chunguni lipondwe, litiwe kwenye ndoo za plastiki zilizo wazi, nje, maji yakitangulia na ganda likifuata kidogokidogo. Litatoa amonia na haidrojeni, kwa hiyo hakuna moto karibu. Lita moja ya maji huyeyusha takriban gramu 350 za chumvi hizi, basi kilo 4 zinataka angalau lita 12. Tumia 20, kwa awamu tatu. Koroga asubuhi na jioni, acha siku mbili, chuja kwa kitambaa kizito. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yanafaa. Maji ya bahari yanafaa kwa awamu ya kwanza, ila huongeza chumvi ya kawaida, na mchanganyiko wako hautakuwa tena 45 kwa 55.

Maji ya chumvi yaanikwe kwenye sinia za plastiki nyeusi wakati wa Kaskazi, jua likiwa kali na hewa kavu. Yasikaushwe nusunusu: chumvi hizi mbili hazigandi kwa pamoja, kwa hiyo ukichota tabaka la kwanza pekee mchanganyiko wako hautakuwa tena 45 kwa 55. Kausha yote, changanya, kaanga. Isimwagwe chini, kwani visima vya Malindi havina kina na mwamba wake wa matumbawe hupitisha kila kitu.

Chumvi hii ina floridi na haifai kwa binadamu wala mifugo. Katika eneo ambalo kila duka lina gunia la chumvi ya Gongoni, makosa ni rahisi. Usiitie kamwe kwenye gunia la chumvi. Tia kwenye kidumu chekundu kilichoandikwa pande zote, na kikae bandani, si nyumbani.

Unga uliobaki baada ya kuosha ndio wenye kelele kwenye matofali. Fundi anauchanganya na saruji jioni, asubuhi tofali limevimba na lina mashimo ndani. Vipande vidogo vya alumini vimekutana na ukali wa saruji vikatoa haidrojeni. Endelea kuuosha kwa maji yenye chokaa kidogo mpaka mapovu yaishe, uanike, ndipo ujaribu: kikombe cha unga, nusu kikombe cha saruji, maji, uache saa mbili kwenye glasi. Uso ukipanda, rudi kuosha. Usipopanda, unga uchukue nafasi ya sehemu moja ya mchanga kati ya kumi, tofali limwagiliwe siku 7, na lipondwe moja kabla ya kuuza la pili. Lisitumike penye nondo, kwa sababu kloridi iliyobaki hata kidogo itaozesha chuma ndani ya ukuta.